Kuhusu Utepe Mweusi Niliofungwa Mkononi Nikiwa Hai

Mikelenge, Kindu

Kwa Bwana Mganga Mkurugenzi wa hospitali yetu,

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mzima, jambo ambalo hospitali yako ina shaka nalo. Mimi ni yule mzee kutoka Punia, mkimbizi tangu miaka ya vita, uliyemwomba aje Jumanne kuigiza majeruhi, ili waganga wako wajizoeze kupokea watu wengi siku wauaji watakapoingia mjini tena. Nilikuja, nikapakwa rangi nyekundu kifuani mbele ya wageni wako waliokuja kutazama. Sasa nina malalamiko, na ombi moja: zoezi hilo lifutwe na tepe zako zichomwe moto.

1. Tepe. Mpango niliuelewa: mwenye utepe wa kijani angoje, wa njano afuate, mwekundu ahudumiwe kwanza, mweusi aachwe, amekwisha. Muuguzi Joëlle, binti mwenye adabu, alinifunga mweusi. Nilipomwomba maji akaniinamia: «Papa, weye ulishakufa. Nyamaza basi, wageni wanaangalia.» Sijawahi kunyamazishwa kwa heshima kiasi hicho.

2. Lango. Imeandikwa kwamba ndugu wa majeruhi wabaki nje. Aliyeandika hivyo amewahi kuugua Kindu? Hapa mgonjwa huja na mtu wake wa kumlinda, naye ndiye anayempikia, anayemtekea maji, anayemfulia, anayemtolea damu. Ukifunga lango umewafungia nje nusu ya wafanyakazi wako. Lakini nakiri kwamba uwanja ulipendeza sana kwenye picha.

3. Dada yangu. Salama alisimama nje ya lango hilo na chakula changu. Akachungulia kwenye ua, akaniona nimelazwa kwenye mstari wa wafu, shuka hadi kidevuni. Mpango wako una mtu wa kupokea wageni, una mtu wa kushika kipaza sauti, hauna mtu wa kusema na walio nje. Mlinzi akamjibu kama alivyofundishwa: «Mwenye nyeusi njo amekufa, mama. Rudi kwako.» Nasi Waislamu hatumlazi maiti hadi kesho, kwa hiyo akaenda kutangaza msiba. Nilipokuwa narudi nyumbani nilipita makaburini, nikamkuta jirani yangu Djuma ndani ya shimo, limemfika kifuani. Hakufurahi kuniona. «Mzee, si ungesema mapema! Udongo wa huku iko mawe tupu!» Nyumbani sanda ilikuwa imekatwa na wali wa matanga uko jikoni. Niliula. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyostahili.

4. Kwa hiyo napendekeza turudie utaratibu wa miaka ya vita, ambao haukuhitaji tepe wala semina. Wakati ule alitangulia anayejuana na mganga. Akafuata mwenye cheo, hata kama amejikwaa kidole tu. Kisha yule ambaye ndugu zake wanapiga kelele kuliko wengine. Hakuna aliyeuliza maana yake. Tuuboreshe tu: kila familia ichague mapema mwanamke mwenye sauti, afundishwe kulia, apewe cheti. Familia isiyo na sauti ikatazwe kujeruhiwa. Na wauaji wenyewe waandikiwe kwa adabu, waombwe kuanza na wenye vyeo, ili mstari usivurugike.

5. Jambo la tano limenitoka. Huenda ndiyo dalili ya kifo mliyoiona nyinyi.

Nikingoja harufu ya tepe zinazoungua, nabaki mwenzako katika uhai,

Youssouf Abedi

Wasalimie waganga wote, muuguzi Joëlle, mlinzi wa lango, na wageni huko walikorudi. Salama naye anawasalimu, ingawa hajawasamehe. Djuma hasalimu mtu.

Tanbihi. Mke wangu Aïcha aliletwa kwenye hospitali hii wakati wa vita, risasi tumboni. Hakuwa mtu wa kelele. Aliketi kwenye benchi, kitenge amekikaza kiunoni, akasogea ili nami nipate pa kukaa. Mbele yetu mtu mwenye cheo alikuwa akishonwa kidole. Sisi tulikuwa wageni wa Punia. Hatukumjua mganga yeyote. Zamu yetu ilipofika, mkono wake ulikuwa umeshapoa mkononi mwangu. Jana nimemwuliza Joëlle mwanamke wa namna ile angefungwa utepe gani. Hakufikiri hata kidogo: «Nyekundu, papa.»

Basi tepe usizichome. Mfungulie Salama lango, na siku ya zoezi lijalo niite. Nitakufa bila kuomba maji.