Mlima Uliochorwa Mbele ya Mlima

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wapanda Mlima wa Jumapili ya Pili, Daegu,

"Mlima ni uleule kila mwaka, Uswisi ndiyo yenye mambo mapya." Hayo aliyaandika katibu wetu, Bwana Pyo Gil-su, katika toleo lililopita, akitutaka Jumapili tupige kura ili safari ya vuli ikomee Mji wa Alpi Ndogo, ule wa kuigiza Uswisi chini ya Mlima Hwangnok, na mlima wenyewe tusiupande kabisa. Nimemsoma mara tatu nikitafuta utani. Haupo. Basi namjibu.

1. Kuwa uleule ndiyo sifa ya mlima. Bwana Pyo naye ni yuleyule kila mwaka, na hatujawahi kupiga kura ya kumwacha njiani.

2. Safari iliyopita kituo hicho kilipangiwa dakika ishirini, watu waende msalani. Tulikaa saa tatu. Wanachama arobaini na wawili, wenye buti na fimbo za kufaa Himalaya, walipanda ngazi za duka la jibini. Mlima Hwangnok tuliupungia mkono dirishani, kama shemeji wa mbali.

3. Wenye mji wamejenga ukuta, wakauchora Alpi, wakausimamisha mbele ya Hwangnok wenyewe. Wenzangu walipanga foleni kupigwa picha. Mlima halisi ulipochungulia juu ya ukuta, mpiga picha alisema, "Bi Noh, sogea kushoto kidogo, kuna kilima kinaharibu Alpi." Bi Noh akasogea. Huyo ameupanda mara kumi na tisa.

4. Mfanyakazi wa mji huo, aliyeigiza babu wa Kiuswisi kwa ndevu za pamba, aliniita, "Kijana, njoo kwa babu." Nina miaka hamsini na minane. Nilimuuliza mwaka wake wa kuzaliwa, kama afanyavyo mtu yeyote aliyelelewa. Kwa kalenda yetu ya wanyama, yeye ni wa mwaka wa Jogoo, mimi wa Nyani unaoutangulia: mdogo wangu kwa mwaka mzima. Nikamtaka aniite kaka. Akajibu, "Kaka, kazini nina miaka tisini. Nikivua ndevu saa kumi na moja, nitakuheshimu." Nchi ambayo heshima husubiri kazi iishe, imekwisha.

5. Tukikubali haya, mwakani Alpi zitachorwa kwenye kituo cha basi hapa Daegu, tusipate taabu ya kupanda basi. Mwaka wa pili tutachorwa na sisi, tubaki kitandani.

Kwa hiyo naiomba kamati ijenge, chini ya Hwangnok, Mji wa Kikorea. Waajiriwe watu wavae kama sisi, wale matango kileleni kama sisi, na wapande mlima mara mbili kwa siku, ili wageni wa Uswisi waje kushangaa.

Nisalimie dereva, Bi Noh, na magoti ya Bwana Pyo, ambayo nayatakia afya kuliko hoja zake.

Wako aliye bado na buti miguuni,
Tak Yeong-bae, kiti namba 7

Baada ya sahihi: Mke wangu ameisoma barua akasema, "Baba Se-rin, mbona hujaandika kwamba saa zile tatu basi lilikuwa likimngoja nani?" Lilikuwa likiningoja mimi. Nilikuwa kwenye shindano la kuimba Kiuswisi, ule uimbaji wa kupasua sauti kama jogoo anayebalehe, na nimeingia fainali. Fainali ni palepale Alpi Ndogo, siku ileile ya safari ya vuli. Ninyi wa viti vya nyuma, mnaofuata kura yangu siku zote: Jumapili mpigieni Bwana Pyo, na msimwambie ni nani kawatuma.