Kichwa cha Kuzungusha Kamera

Jina la Digrii alijipa mwenyewe. Alidai anazo tatu. Ulipomwuliza za chuo gani, naye alikuuliza wewe unazo ngapi, na mazungumzo yakahamia huko.

Asubuhi hiyo alikuwa studio kwa shemeji yake, mume wa dada yake, amekalia kiti cha wateja wa picha za pasipoti na kunywa chai ya bure. Akaingia mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, kamera begani.

"Natafuta kichwa cha panorama," akamwambia shemeji. "Kile kinachofungwa juu ya stendi, kamera ikazunguka chumba kizima, halafu picha zikaungwa zikawa moja. Kuna jengo jipya la ghorofa tatu, vyumba kumi na kimoja. Kila chumba kinatakiwa kionekane mtandaoni kabla ya kupangishwa."

Shemeji akajibu kwamba anacho kimoja tu, cha kazi zake. Hauzi wala hakodishi. Mama akashukuru, akatoka. Chai ya Digrii ikabaki mezani inatoa mvuke.

Alimpata mama kwenye kona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samahani kukusimamisha njiani. Nimesikia shida yako. Mimi ndiye mtaalamu wa vichwa hapa mjini."

"Vichwa vya nini?"

"Vya kamera, mama. Vya watu nawaachia madaktari."

Mama akavaa miwani, akamtazama toka viatuni hadi kwenye tai. Digrii alizoea kutazamwa hivyo, na kwa kawaida tai ndiyo iliyoshinda.

"Mimi sinunui kitu nisichokiona kikifanya kazi," mama akasema. "Jumamosi asubuhi njoo pale kwenye jengo. Na usije na kimoja. Njoo na viwili, nilinganishe."

Kimoja Digrii alikuwa nacho tayari. Kilikuwa kichwa cha kawaida cha stendi, kile kinachogeukia kwenye gololi, alichokitoa kwenye sanduku la mitumba. Alikuwa amekizungushia kipimapembe cha plastiki cha watoto wa shule, akakibandika kwa gundi na kukipuliza rangi ya dhahabu. Kwa mbali kilionekana kama kifaa cha kuongozea meli. Kwa karibu hakupenda watu wakione.

Cha pili akaenda kukiomba kwa dada, na dada akamsimamia mumewe mikono kiunoni mpaka akakubali. Shemeji alitoa sharti moja: Digrii akae nusu saa afundishwe. Digrii akakaa. Hakuwa na nia ya kujifunza. Alitaka maneno tu, kwa sababu mtu wa kazi yake huishi kwa maneno.

"Kamera ikizunguka kwa tumbo lake, lenzi inachora duara," shemeji alieleza. "Vitu vya karibu vinahama mbele ya vitu vya mbali, na picha hazitaungana. Ndiyo maana kichwa hiki kina reli mbili. Unaisogeza kamera nyuma mpaka lenzi yenyewe ikae juu ya mhimili, pale kichwa kinapozungukia. Umenielewa?"

"Mhimili," alisema Digrii, akilionja neno. Lilikuwa zuri sana.

Mpango wake ulikuwa huu: kichwa cha shemeji angekifunga vibaya makusudi, kiharibu picha mbele ya macho ya mama, na kile cha dhahabu kingenunuliwa kwa bei ya pikipiki.

Jumamosi mama alimkuta getini, funguo zote za jengo mkononi. Digrii akaona zile funguo, akahesabu ghorofa, na kuanzia hapo akawa anamwita mama mwenye nyumba. Mama hakumkatalia.

Sebule ya kwanza ilinuka rangi mbichi. Digrii akafunga kichwa cha dhahabu, mama akaweka kamera yake juu. Kisha mama akasimamisha ufagio hatua mbili mbele ya lenzi, ukalingana sawasawa na ukingo wa dirisha.

"Zungusha polepole."

Digrii akazungusha. Kwenye kioo cha kamera ufagio ukaondoka dirishani ukaelekea mlangoni.

"Ufagio unahama," mama akasema.

"Ni upepo, mama."

"Madirisha yamefungwa."

Digrii akakohoa. Akaeleza kwamba kichwa cha kimataifa huhitaji kupata joto kwanza, kama gari. Wakati akieleza, kipimapembe kilibanduka upande mmoja, kikabaki kinaning'inia kama hereni. Akakirudisha kwenye mfuko kwa heshima zote, mithili ya mtu anayemfunika marehemu.

"Hebu tuone hicho kingine," mama akasema.

Hapo ndipo alipotakiwa kukifunga vibaya. Lakini mama alikuwa anauliza maswali. Kwa nini reli ziwe mbili? Kwa nini kiwe kinagota na kukwama kidogo kila kinapozungushwa? Na Digrii, mtu wa maneno, hakuweza kuliona swali akaliacha hivyo. Akaeleza mhimili. Akaeleza kwamba kinagota ili kila picha ipandane na mwenzake kiasi kilekile, picha kumi na mbili kwa mzunguko. Akaweka pimamaji juu ya stendi, akarekebisha miguu mpaka kipovu kikatulia katikati. Akasogeza kamera nyuma, ikazidi, akairudisha mbele upana wa punje ya mchele. Akazungusha.

Ufagio haukubanduka dirishani.

Akazungusha tena kurudi. Ulikuwa umeganda. Kwa sekunde chache Digrii alisahau amekuja kumwibia nani.

"Chumba kimoja hakinitoshi kuamua," mama akasema. "Jaribu na jikoni."

Jikoni pakawa sawa. Mama akasema chumba cha kulala ndicho kigumu, mwanga wa dirishani ni mkali. Digrii akamfundisha kufunga mwanga wa kamera usibadilike kati ya picha na picha, jambo alilokuwa hajui kwamba analijua. Bafuni hapakuwa na nafasi ya miguu ya stendi. Aliuchomeka mmoja kwenye sinki. Kila walipohamia chumba kingine alipandisha bei kichwani, akiona mama anazidi kunasa. Hata kile kichwa cha shemeji sasa alikuwa tayari kukiuza. Kwa dada angetafuta la kusema.

Alasiri vyumba vyote kumi na kimoja vilikuwa vimekwisha. Mama alikuwa amekalia ndoo ya rangi, amekunja nne. Mgongo wa Digrii ulikuwa haunyooki.

"Umenishawishi," mama akasema, akichomoa kadi ya kamera yake. "Nikazitazame vizuri. Njoo Jumatatu uchukue jibu."

Jumatatu Digrii alikwenda kwenye jengo na tai mpya. Hakumkuta mama. Alimkuta mzee mmoja mnene, kompyuta mbele yake.

"Namtafuta mwenye jengo."

"Ndiye mimi."

"Namaanisha yule mama."

"Mpiga picha? Nimemlipa jana, kaondoka. Kazi safi sana ile. Wewe una shida gani naye?"

Digrii akajitafutia jibu: aseme alishinda siku nzima akimfanyia mpiga picha kazi bure, akidhani anamuuzia kichwa? Kichwa kipi, cha gundi?

"Nimekuja kuulizia chumba," akasema.

Mzee akafurahi, akamvutia kiti. Akamtembeza jengo zima kwenye kompyuta, chumba baada ya chumba, picha zikizunguka taratibu. Digrii alitafuta mshono kwenye mistari ya vigae. Hakuuona hata mmoja. Kifua kilimjaa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Wakafika bafuni. Picha ikageuka, kioo cha juu ya sinki kikatokea, na ndani yake mwanamume aliyeinama, tai imetupwa begani, ulimi nje.

"Huyu mbeba stendi wake," mzee akasema. "Mama aliniambia nisimjali, bado anajifunza."

Digrii akanyoosha tai yake.

"Ataelewa tu," akasema. "Anaonekana ana bidii."