Jakuzi la Watu Sita

Habari aliileta Futi, na Futi akileta habari hakai chini mpaka aimalize. Ni fundi seremala, penseli haitoki sikioni, na kila kitu duniani kwake kina urefu na upana. Alisimama mbele ya benchi akasoma kwenye simu kwamba kuna tajiri mmoja kaagiza jakuzi la kuweka bustanini, lile beseni kubwa la kukalia watu, maji ya moto yanatoa mapovu. Limeletwa na lori, geti likalikataa. Wakavunja ukuta. Lilipoingia likajaa bustani nzima mpaka mlangoni, na sasa mwenye nyumba anaingia kwake kwa dirisha la jikoni.

"Safi," alisema Bonge, muuza nyama wetu. "Pesa ikizidi lazima ikutoe mlangoni."

"Kosa si pesa, ni saizi," alisema Futi. "Mtu hakupima."

"Kosa ni elimu," alisema Profesa. Cheo hicho alijipa mwenyewe. Alikuwa mlinzi wa lango la chuo kikuu, na anasema elimu ilikuwa inampita puani kila asubuhi, hivyo nyingine lazima iliingia.

Mimi ndiye muuza kahawa wa hapa, wananiita Shangazi. Benchi ni langu, birika ni langu, na masikio ni yangu pia. Hawa watu wanakunywa kikombe kimoja wanakaa siku nzima, kwa hiyo faida yangu iliyobaki ni kusikiliza.

Mzee Breki alikuwa kimya, na hiyo si kawaida. Breki ameendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote. Alikuwa anarudi nyumbani kubadilisha nguo na kusalimia, kisha huyo, kashapotea. Mkewe alilea watoto peke yake huku akimwambia kila mtu sokoni, "Ngojeni astaafu." Mwaka jana kastaafu. Kaegesha lori, kaja kuegesha makalio kwenye benchi langu, asubuhi mpaka jua linazama. Kwangu ni biashara, siwezi kumfukuza mteja, lakini mkewe ni rafiki yangu na jambo hilo linaniuma.

Breki akakohoa. "Na mimi nanunuliwa," alisema.

"Na nani?" aliuliza Bonge. "Dereva mwenyewe umeshachakaa."

"Jakuzi, wewe. Watoto wamechanga wanamnunulia mama yao. Magoti yanamsumbua, daktari kasema maji ya moto yatamfaa. Mimi nimeachiwa kuchagua saizi tu. Kijana wa duka atanipigia simu asubuhi hii nimwambie. Kuna la watu wawili, la wanne na la sita."

Benchi zima likageuka kumtazama. Bonge akaacha kupuliza kahawa.

"Mkeo umemuuliza?" nilisema.

"Nitamuulizaje, Shangazi? Nataka ashtuke."

"Hajui kama linakuja?"

"Anajua. Saizi ndiyo itamshtua."

"Magoti ya nani, yako au yake?"

"Shangazi, mimina kahawa," alisema Profesa. "Hili ni suala la kitaalamu. Tuanze na la wawili. La wawili ni beseni la kufulia, tulitoe. Watu wawili wakikaa mle wanatazamana. Sasa mtatazamana mpaka lini?"

Breki akafikiri. "Kweli. Mimi nimezoea kutazama mbele."

"Umeona? La wawili limeanguka."

"La wanne," alisema Futi.

"La wanne ni wewe, mkeo na mimi," alisema Bonge. "Tumejaa."

"Wewe unaingia kwenye hesabu kwa njia gani?" aliuliza Profesa.

"Mimi ni rafiki wa familia. Nyama ya harusi ya binti yao nani aliikata?"

"Uliikata na mifupa yote."

"Harusi bila mfupa ni kikao cha wazazi, Profesa. Turudi kwenye maji."

Futi alikuwa amekunja uso akipiga hesabu. "Breki, bustani yako ina ukubwa gani?"

"Ndogo. Kuna mboga zake, kuna maua, kuna kamba ya kuanikia nguo."

"Ukiweka la sita, mboga zinahamia kwenye ndoo."

"Na maua?"

"Maua yanakwenda kwa jirani, utakuwa unayaona kwa juu ya ukuta."

"Na kamba?"

"Kamba inapita juu ya jakuzi," alisema Bonge. "Mvuke unazipiga nguo pasi. Mkeo atakushukuru."

Nikasema mboga zile ndizo zinazomtoa nje yule mama kila asubuhi, ndizo anazozungumza nazo. Bonge akaniambia mboga hazijibu. Nikamwambia afadhali mboga, ziko nyumbani. Breki akainamia kikombe chake kana kwamba amemwona nzi.

"Ubishi hauna maana," alisema Futi. "Mambo haya ni kupima." Akatoa chaki mfukoni, ile ya kuchorea mbao, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya benchi. Akachora duara kubwa, akaligawa sehemu sita sawasawa. Kazi yake anaijua, siwezi kumnyima sifa. Alipomaliza akasema, "Hilo hapo. La watu sita, kipimo kamili. Ingieni."

Sasa hapo ndipo watu wazima walipaswa kucheka, walipe, waende makazini. Badala yake Profesa akasema, "Hakuna kuingia majini na viatu." Wakavua. Soksi ya Bonge ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia. Breki akavua na koti, akalikunja vizuri akaliweka juu ya benchi, maana alisema joto litamzidi. Wakaingia kwenye duara wakakaa chini, migongo nje, miguu katikati, nyuso zimekunjuka kama watu waliotoka kulipwa.

"Maji matamu," alisema Breki.

"Bonge, unamwaga," alisema Profesa. "Kisayansi, maji na wewe hamwezi kukaa mahali pamoja. Ukiingia wewe, yanatoka yote. Sisi tutabaki tumekaa kwenye unyevu."

"Basi nihesabuni watu wawili."

"Hilo limeshapita bila kura," alisema Futi, akamwachia sehemu mbili.

"Mimi nakaa upande wa mapovu," alisema Profesa. "Mgongo wangu umesimama langoni miaka mingi."

"Mapovu yako pande zote," alisema Bonge. " Na yana faida yake: yakitoka, hakuna atakayejua ni ya nani."

Wakacheka mpaka Breki akapangusa macho. Mpita njia mmoja akasimama kuuliza kama kuna mtu kaanguka. "Tuko majini," Profesa alimjibu, "pita pembeni usituchafulie."

Futi akahesabu. "Breki mmoja. Profesa wa pili. Mimi wa tatu. Bonge wa nne na wa tano. Imebaki nafasi moja."

Nikasubiri. Kweli nilisubiri, nikisema moyoni, sasa mmoja wao atamkumbuka mwenye magoti.

"Shangazi," aliita Bonge, "leta birika."

"Mje kunywa hapa."

"Tutoke na maji mwilini tupate kichomi? Lilete, kuna kiti."

Nikalipeleka, mteja ni mteja. Nikaliweka kwenye sehemu ya sita, likakaa pale linatoa moshi, limetulia kuliko wote.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa ya Breki, ndani ya koti, juu ya benchi. Akanyoosha mkono.

"Unafanya nini?" aliuliza Profesa.

"Simu yangu. Ni kijana wa duka."

"Uko majini, Breki."

"Ndiyo, lakini—"

"Umeme na maji vimeanza kupatana lini? Unataka kutuua sote kwa ajili ya kusema haloo?"

Breki akautazama mkono wake. Akaurudisha ndani, na nawaambia ukweli, akaufuta kwenye suruali. Simu ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena. Nikasema nimpokelee, Futi akanikataza, akasema nitamvuruga kijana kabla kikao hakijaamua.

"Atapiga tena," alisema Bonge. "Mwenye kuuza hachoki."

Ikalia mara ya mwisho, ikanyamaza kabisa.

"Basi tuamue," alisema Profesa. "Wanaokubali la sita wainue mguu." Ikainuka miguu minane. "Penye wengi hapaharibiki neno. Breki, akipiga mwambie la sita. Na mwambie lije na ngazi, kwa ajili ya Bonge."

Breki alifurahi. Namjua, hakuwa na nia mbaya. Alifurahi kama mtu aliyekamilisha jambo kubwa kwa ajili ya nyumba yake.

Wakiwa bado wanapongezana nikamwona mkewe anakata kona. Anatembea polepole siku hizi, mkono mmoja ukutani, anapumzika, anakuja. Begani ana khanga, mkononi ana simu. Akafika, akasimama kwenye mstari wa chaki, akatazama miguu minane isiyo na viatu.

"Shemeji, karibu," walisema wote kwa pamoja.

"Asanteni. Mmepatwa na nini?"

"Tunakupimia jakuzi, mama watoto," alisema Breki. "Hili hapa. La watu sita, kubwa kuliko yote."

Akalizunguka kwa macho, taratibu. Alipofika kwa Bonge akasimama.

"Mimi nahesabiwa mara mbili, shemeji, uniwie radhi."

Akaendelea mpaka akamaliza duara. "Na mimi nakaa wapi?"

Halafu, mmoja mmoja, wote wakageuka kulitazama birika.

"Tunaweza kulipakata," alisema Futi.

"Msilisumbue, limefika kabla yangu."

"Kwa zamu, shemeji," alisema Profesa. "Kisayansi, goti halihitaji..." Akatafuta linachohitaji goti, hakukipata. Sijawahi kumwona akishindwa kumaliza sentensi.

"Yule kijana wa duka kanipigia mimi," alisema yule mama. "Anasema mzee hapokei simu."

"Nilikuwa majini," alisema Breki.

"Naona."

Bonge alianza kucheka, akaona hakuna anayemuunga mkono, akakimeza kicheko.

"Akaniuliza, mama, tuwaletee saizi gani? Nikamwambia mwanangu, mimi mambo hayo siyajui, watu huwa wanachaguaje? Akasema ni rahisi. Hesabu watu wanaokuwepo nyumbani siku za kawaida, usihesabu wageni. Nikahesabu."

"Ukapata wangapi?" aliuliza Breki.

"Mmoja."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu, maana hawa wangepata pa kushika wabishane. Alisema kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake.

"Nimechukua la mtu mmoja," alisema. "Linaingia pale kwenye kona, haligusi mboga. Shangazi, kazi njema, dada."

Akageuka akaanza safari yake ya ukutani. Breki alibaki amekaa, mdomo wazi, magoti yamekunjwa kwenye sehemu yake ya chaki. Kisha akainuka. Alitoka bila koti, viatu mkononi, anakimbia na soksi kwenye vumbi, mzee mzima.

"Mama watoto," aliita. "Hilo la mmoja, wawili wakibanana hawaingii?"

Mkewe hakugeuka wala hakupunguza mwendo, ambao haukuwa na cha kupunguza. "Inategemea huyo wa pili anarudi saa ngapi."

Breki akamfikia. Akasita kidogo, kisha akaenda upande wa ukuta, akampa mkono wake ashike badala ya ukuta. Mkewe akautazama, akaushika. Wakakata kona.

Kwenye duara Futi akaanza kutafuta kiatu chake cha pili na alikuwa amekikalia. Bonge akasema ameacha bucha wazi, jambo ambalo alikuwa analijua tangu asubuhi. Profesa akanyoosha mkono akaanza kuhesabu kwa vidole walioko nyumbani kwake saa hizo, akaishia kidole cha kwanza. Akakikunja, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga.

Nikabaki na kahawa ya siku nzima na hakuna wa kuinywa. Nikalitazama benchi, nikatazama barabara, hakuna mtu. Nikajimiminia kikombe, nikavua ndara, nikaingia majini.