Tovuti ya Manila

Jumamosi asubuhi redio ya kibanda cha chai cha Mama Waithira ilitangaza kwamba mwalimu yeyote sasa anaweza kupata mtandaoni, bila malipo, masomo mazima ya kufundisha vijana kutengeneza tovuti. Benchi lote la chai hapa Langas likageuka kumtazama mwalimu Opondo, kana kwamba ametajwa kwa jina.

Opondo, tunayemwita Data, alisomea ualimu wa kilimo. Shule yake ilipokosa mwalimu wa kompyuta, mkuu aliangaza macho ofisini akaona ndiye pekee mwenye simu ambayo kioo chake hakijapasuka. Tangu hapo hujifunza jioni kwa video, na kufundisha asubuhi. Jumatatu mkuu ataketi nyuma ya darasa. Akiridhika, Data anaajiriwa kabisa. Asiporidhika, ni kurudi Ainabkoi kupalilia viazi vya shemeji.

"Haiwezekani," alisema Kinyanjui, mwenye duka la mbegu, ambaye neno hilo ndilo limekuwa jina lake hapa. "Wanafunzi sitini, kompyuta mbili, na stima yenyewe ni ya kuombea. Utawafundisha kwa ishara, mwalimu?"

Data alifungua begi kwa unyonge, akatoa karatasi za manila. Alieleza kwamba kwenye video, mafundi wakubwa huanza kwa kuchora. Yeye ameenda mbele kidogo: kila ukurasa wa tovuti yake ya mazao ni manila moja. Mwanafunzi akigusa kitufe kilichochorwa kwa kalamu nyekundu, mwenzake aliyejificha nyuma anabadilisha karatasi.

Tukazitazama manila kwa heshima, kama watu walio matangani. Kisha tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Mama Waithira alitaka kujua kama ikinyeshewa ndiyo imeingia virusi. Haiwezekani akasema kwao Moi's Bridge kitu hicho huitwa kalenda. Hata mimi, niliyekuwa likizo fupi kutoka shule ya bodingi na niliyefunzwa kuheshimu walimu, niliuliza kama neno la siri linawekwa chini ya godoro.

"Chekeni tu," Data alisema, akianza kuzikunja. "Nitamwambia mkuu atafute mtu mwingine."

Mama Waithira akaweka birika chini. "Hukunji kitu hapa, mwalimu. Kinyanjui, leo wewe ndiye mkuu wa shule, keti mbele. Na wewe kijana wa bodingi, wacha mdomo, ingia nyuma ya manila."

Nikachutama na karatasi zangu. Haiwezekani akakunja uso kama mkuu, akagusa kitufe cha mahindi. Nikabadilisha. Akagusa viazi, nikabadilisha. Akanung'unika, mbona duka lake halimo? Data akamwonyesha kisanduku cha kutafuta. Haiwezekani akaandika jina la duka kwa kidole, herufi moja moja, ulimi nje.

Karatasi hiyo haikuwepo. Kwa hivyo nilifanya lile ambalo mtandao wetu hufanya: nikatulia.

Akangoja. Akagusa tena. Akapangusa kidole kwenye suruali, akagusa mara mbili. Mwishowe akaichukua manila, akatoka nayo mpaka kando ya barabara, akaiinua juu kuelekea mlingoti wa simu.

"Mama Waithira," alilalamika kutoka huko, "hapa kwako network ni mbaya sana."

Data hakucheka. Alisogeza kikombe chake mbele.

"Mama, niongezee chai," alisema. "Huyo mkuu wa shule aje hata leo."