Umeneja Wangu Umeisha Kabla ya Chai Kupoa

Leo nimejiaibisha, jamani, tena nikiwa na tai shingoni.

Mnajua mimi ni karani tu katika kampuni ya Waingereza pale mjini, tunauza pampu za maji. Asubuhi meneja wetu, Mista Hobson, ameniita. Mwekundu kuliko kawaida! Mtu wa serikali anakuja kuangalia kama wananchi wanapewa kazi kubwa.

"Joseph, leo wewe ni meneja," akasema, akanivalisha koti lake. (Mikono ilinifunika hadi kwenye vidole.) "Ukifanya vizuri, nitakupandisha cheo kweli."

Nikakalia kile kiti chake kinachozunguka. Nikazunguka. Nikazunguka tena.

Akaingia jamaa mwembamba, viatu vimejaa vumbi, bahasha mkononi.

"Hakuna kazi hapa!" nikamwambia.

"Lakini mimi..."

"Ofisi ya meneja haiingiwi hivyo, bwana. Ngoja nje!"

Akatoka na bahasha yake. Nikajiona mkubwa, wacha tu!

Mara akaja mwingine. Suti nyeusi, mkoba wa ngozi. Huyu sasa ndiye! Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. "Karibu sana, mheshimiwa!" Nikamgeukia Mzungu wetu, aliyekuwa amesimama pembeni: "Hobson, leta chai." (Hobson hivyo, bila Mista. Mungu wangu.) Akaileta mwenyewe.

Mgeni akanywa, akala biskuti zote, nami namweleza jinsi ninavyoendesha kampuni. Kisha akafungua mkoba. Akatoa brashi. Ya choo.

"Bwana meneja," akasema, "hii nywele zake hazing'oki. Ukichukua nyingi nakupunguzia bei."

Hobson akaniangalia. Mimi nikaangalia mlango. Yule wa viatu vya vumbi alikuwa amesimama pale, na sasa ndipo nikauona mhuri wa serikali kwenye bahasha yake.

"Nimetembea kwa miguu kutoka mtaa wa Ngara," akasema taratibu. "Bado nangoja nje?"

Nikamwachia kiti. Hakukaa. Aliniuliza swali moja tu: nimekuwa meneja tangu lini?

"Tangu asubuhi," nikajibu. (Mdomo wangu huu!)

Basi, Hobson ameitwa wizarani akajieleze. Mimi nimerudi kwenye meza yangu ya ukarani, na hakuna aliyenisemesha hadi jioni.

Nawaomba msicheke. Na wewe, mama watoto, usijifiche nyuma ya leso. Nayaona mabega yanavyotikisika.