Mkwe wa Kamati ya Adungosi

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Malaba. Nimekata shauri. Malori hukaa foleni mpakani siku nenda siku rudi, na madereva hula mikate mikavu. Wanawake wa Adungosi wana wimbi, wana mihogo, wana kuku. Mimi nina lugha. Ubia uko wazi kabisa: wao watoe chakula, mimi nitoe uongozi. Cheo changu kitakuwa Mkurugenzi.
Kamati yao itachagua mshirika Jumamosi. Mpinzani wangu ni Bwire, mwenye baiskeli za boda boda. Hajui hata kusema "waheshimiwa".
Nimemweleza mke wangu, Eucabeth. Ameuliza ni nani atakayepika. Nimemjibu kwamba hilo ni suala la utekelezaji.

Jumatano, 7 Agosti
Upelelezi. Mwenyekiti wa kamati ni Mama Anyait, mwanamke wa maneno machache. Kaka yake, Echodu, ana maneno mengi, hivyo nimemnunulia chai. Amesema kamati haishikani na mtu hivi hivi tu. "Sisi tunaangalia mtu ni wa nani. Sasa wewe, mzee Oketch, ni wa nani hapa?"
Mimi ni mzaliwa wa Sio Port. Huku kwa Wateso si wa yeyote. Kasoro hiyo inarekebishika kwa hotuba.

Ijumaa, 9 Agosti
Hotuba imekamilika. Kilele chake ni hiki: "Waheshimiwa, nimekusudia kuposa katika nyumba ya Mwenyekiti." Ni tamathali ya usemi. Sina nia ya kuoa. Eucabeth ananitosha na kunizidi. Nimemsomea hotuba yote isipokuwa sentensi hiyo.

Jumamosi, 10 Agosti
Adungosi. Wanakamati waliketi kukizunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Meza hakuna. Mikutano yao yote hufanyika hapo, mirija ikiwa kinywani. Nilipewa kigoda mkabala na Mama Anyait. Mahali pa heshima.
Bwire alitangulia. Alisema, "Mama, mimi niko na baiskeli. Mkitaka kubeba kitu, nitabeba." Akaketi. Nilimwonea huruma.
Kisha nikasimama. Nilipofika kwenye kuposa, Mama Anyait aliweka mrija chini, akajifunika leso usoni, akaondoka kwenda nyuma ya nyumba. Nilidhani ameguswa.
Echodu akanieleza kwa upole kwamba mkwe hanywi chungu kimoja na mama mkwe, wala hamtazami, wala hasemi naye. "Sasa, mkwe, ni wewe utoke ama yeye atoke. Na yeye ndiye mwenyekiti."
Nikatoa ufafanuzi juu ya tamathali za usemi. Echodu akauliza hiyo tamathali itakuja na ng'ombe wangapi.
Amuron, binti pekee wa Mama Anyait, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiongeza maji ya moto chunguni. Alinikagua kuanzia viatu kwenda juu. Akauliza kama huyu bwana harusi bado ana meno yake yote, maana mahindi ya kwao ni magumu. Kamati ilicheka mpaka mirija ikatoka chunguni.
Nimenywea jikoni, peke yangu, kwa kikombe. Bwire amekalia kigoda changu.

Jumatatu, 12 Agosti
Kwa kuwa siruhusiwi kusema na Mwenyekiti, nimemtuma Eucabeth kama mjumbe. Ilinibidi kwanza nimfichulie ile sentensi. Nilimfunza maneno ya kusema, akaondoka nyuma ya baiskeli ya Bwire, jambo ambalo sikulipenda.
Amerudi jioni akiwa amechangamka, ananuka wimbi. Utetezi wangu aliufupisha hivi: "Huyo mzee alikuwa anaongea tu." Walimwelewa mara moja. Hata hivyo, Echodu ameamua nibaki mkwe mpaka watakapochoka kucheka.
Kisha kamati ikauliza ni nani atakayepika kule Malaba. Eucabeth akasema yeye. Wamemchagua. Bwire atabeba.
Nimemuuliza kuhusu nafasi ya Mkurugenzi. Amesema haikutajwa.

Jumanne, 20 Agosti
Kibanda kimefunguliwa kando ya foleni ya malori. Kimejaa. Wazo ni langu, kwa hiyo nilikwenda kukagua. Mama Anyait alikuwa akipakua. Aliponiona alijifunika leso, akageukia ukuta, na kazi yote ikasimama. Dereva mmoja wa Kampala akaniambia, "Ssebo, wewe toka hapo, watu wakule." Wenzake wakaniunga mkono, yaani walimuunga yeye.
Eucabeth ameniomba niwe nikipitia barabara ya nyuma. Nimekubali, nikihifadhi haki zangu zote.

Alhamisi, 22 Agosti
Nimeitafakari kasoro na kuigundua. Nilichagua undugu usiofaa.
Wanawake wa Port Victoria wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, wanatafuta mshirika wa kuwaletea wanunuzi kutoka Busia. Kiongozi wao, Mama Aluoch, ni mjane. Ukwe sitautaja tena. Nitajitambulisha kama mdogo wa marehemu mume wake. Shemeji huketi popote apendapo, na hakuna anayejifunika leso.
Jirani yangu Ogada amenikumbusha kwamba kule mdogo wa marehemu ndiye humrithi mjane, na kwamba Mama Aluoch amengoja sana mtu wa kumrekebishia paa. Nimemjibu kwamba mila hiyo naijua vyema, ila ilitungwa kwa ajili ya matanga, si kwa ajili ya ubia.
Safari hii nimemsomea Eucabeth hotuba nzima. Alinisikiliza huku akimenya ndizi. Kisha akanifungia blanketi, sufuria, nguo zangu zote, na kilo moja ya misumari ya mabati.
Nimemwambia ninarudi kesho. Misumari nitaichukua. Ofisi mpya haikosi mahali pa kurekebisha.