Koti Langu Liko Kazini

Jumatatu, 3 Machi
Miaka minane mimi ni mhadhiri wa muda. Muda gani huu usiokwisha? Leo mkuu wa idara katangaza nafasi moja ya ajira ya kudumu. Tunaoigombea ni wawili: mimi na mwenzangu wa ofisi, tunayemwita Saa Nne kwa sababu kabla ya saa hiyo hajawahi kuonekana. Mkuu anasema ataangalia nani yupo ofisini saa za kazi, saa mbili hadi saa kumi, awe na kipindi au asiwe nacho. Saa Nne kwisha habari yake! Tatizo dogo tu: sisi wa muda hulipwa kwa kipindi, na siku nisizo na kipindi hapa hufundisha chuo cha jirani ili watoto wale. Mama mkwe, tunayeishi naye, alipopata habari kacheka peke yake jikoni. Huniita mkwe wa muda.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Koti. Nimelitundika mgongoni mwa kiti, miwani juu ya kitabu kilichofunguliwa, chai pembeni, feni inazunguka. Atakayechungulia atajua nimekwenda msalani. Nikapita mlango wa nyuma, mbio hadi chuo cha jirani. Bila miwani nikaingia darasa silo. Nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi nadharia za uchumi. Wamenakili kila neno, maskini.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Birika la karani limeungua, moshi jengo zima, watu wote nje. Mkuu akakumbuka koti aliloliona kitini kwangu asubuhi. Akapiga kelele kwamba nimo ndani, na mzee wa watu, na pumu yake, akajitosa kwenye moshi. Akatoka amelikumbatia koti langu, analia. Wakati huohuo mimi natokea getini, natafuna karanga. Nikasema nilikwenda kuwaita zimamoto. Saa Nne akauliza, kwa miguu? Mkuu akamwambia anyamaze, akanishika mkono mbele ya wote, akasema huyu ndiye mtumishi. Niliona haya kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu, 10 Machi
Nafasi kapewa Saa Nne. Nimejifungia chooni nikalia kama mtoto. Mkuu alinieleza kwa upole kabisa. Saa Nne alimwambia asipoajiriwa anahama, kwa hiyo ilibidi ashikwe. Mimi nishikwe kwa lipi, wakati nipo tu, asubuhi hadi jioni, hata moshi hauniondoi? Anayejituma hivi bila ajira, akasema, ukimwajiri utamharibu. Kaniongezea vipindi vya jioni. Mama mkwe safari hii hakucheka, na hapo ndipo nilipoumia kweli.

Jumatano, 12 Machi
Kumbe dawa ni kutisha! Nimempelekea mkuu barua ya kuacha kazi. Ya kutishia tu. Kaisoma amesimama, kasikitika, kanipa pole. Akasema mtu wa muda haachi kazi, muda wake ndio unakwisha, na wangu unakwisha Ijumaa. Mkataba mpya alikuwa ameshauandaa, lakini kwa kuheshimu uamuzi wangu akauchana palepale. Nikafungua kinywa niseme ni utani. Saa Nne alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Nikasema asante.

Ijumaa, 14 Machi
Nimerudisha ufunguo. Hakuna aliyeniaga, isipokuwa karani, naye alidhani naenda likizo. Chuo cha jirani nacho kimeniondoa: wauguzi walipoulizwa kuhusu homa, wamejibu mfumuko wa bei. Mke wangu kauliza tutaishije. Nikajilaza, nikajifunika gubigubi, nikatamani kutoamka. Sijawahi kujiona si kitu kama leo.

Halafu, wazo! Safari hii halina kasoro. Jumatatu naingia kazini kama kawaida, tena mapema kuliko wote. Nafundisha vipindi vyangu, vya jioni pia, na vya Saa Nne akichelewa. Muhula mzima, bure! Wakishaona ninavyojituma bila hata mshahara, watakosaje kuniajiri?